Boti Iliyojazwa Maji

Ukimwambia mtu kwamba Dodoma kuliwahi kuundwa boti ya matanga, atakutazama kwanza machoni aone kama umelewa. Dodoma ya vumbi, mahali ambapo mwanamke anaijua idadi ya ndoo zake kuliko idadi ya mashangazi zake! Lakini iliundwa, mwaka wa tisini na nne, katika karakana ya Mzee Batholomeo kule Kizota. Na aliyeilaza tabaka kwa tabaka alikuwa Evelina, mama mmoja wa Haneti ambaye maji yake ya kina kirefu kabisa maishani yalikuwa ya karai.

Evelina alikuwa fundi wa matangi. Shirika la umma lililowaajiri lilipokufa, Batholomeo, aliyekuwa mchoraji wa shirika hilo, alichukua mapipa yaliyobaki ya rezini, ile gundi ya kugandishia nyuzi za kioo, akawakusanya mafundi kumi na wawili na kufungua karakana yake. Walitengeneza matangi ya faibaglasi ya shule, ya misheni, ya nyumba za wabunge. Mambo yalikwenda. Kisha ikaja biashara huria, na pamoja nayo yakaja matangi meusi ya plastiki kutoka Dar, mepesi mpaka mtoto anaweza kuliviringisha moja barabarani akipiga mluzi. Nani tena angetaka tangi la faibaglasi la kubebwa na watu sita? Karakana ikaanza kunuka ukiwa.

Ndipo kampuni moja ya utalii ya Mwanza ilipoandika barua. Walitaka boti za kuwatembeza wageni ziwani wiki nzima, wakila na kulala humo humo. Kwanza moja ya mfano, ikiwapendeza wataagiza nyingine tano. Batholomeo aliwahi kusoma Norwei miaka miwili, na kila Jumamosi wenzake wa huko walimchukua kwenda kutweka matanga. Aliisoma barua mara tatu, akafunga mlango wa ofisi, akachora siku tisa.

Na kusema kweli, alichora kitu cha kupendeza. Boti ya futi ishirini na sita, gamba lake jeupe likiwa kipande kimoja kisicho na kiungo tangu mbele hadi nyuma. Ndani kulikuwa na vitanda vinne, meza ya kukunja ukutani, jiko la gesi linaloning'inia ili sufuria isimwagike boti inapolala upande, choo cha kupampu kwa mkono, na tangi la maji la lita mia chini ya kitanda cha mbele. Nyuma palikuwa na shimo la kukaa nahodha na wageni, lenye matundu ya kurudisha nje maji ya mawimbi. Chini ya yote ulining'inia mkuku, bamba nene la chuma la kilo mia tisa, kazi yake kuizuia boti isipinduke upepo unapoyasukuma matanga. Mkuku huo ulishikwa na boliti nane tu, zilizopenya sakafu ya gamba na kukazwa ndani, juu ya mataruma ya faibaglasi, yaani zile mbavu zilizolazwa kukingama ili uzito usirarue gamba.

Mataruma hayo aliyalaza Evelina kwa mikono yake. Nyuzi za kioo zilimwasha mpaka kwenye viwiko, akawa anajipaka mafuta ya kupikia usiku ili apate usingizi. Alijua kila taruma lilivyokaa, kama mtu anavyojua meno yake kwa ulimi.

Sasa, karakana ile ilikuwa na desturi yake. Tangi halikuitwa tangi mpaka lijazwe maji hadi mdomoni, likae siku tatu. Siku ya tatu Mzee Batholomeo alivua viatu, akalizunguka polepole, akilipapasa vumbi kwa nyayo zake kutafuta unyevu. Asipouona, alisema, "Limezaliwa." Kisha geti lilifunguliwa na kina mama wa Kizota waliingia na ndoo zao, kwa maana maji yale, ingawa yalinuka rezini na hayakufaa kunywewa, yalifaa kufulia na kufyatulia tofali. Hakuna kilichotoka getini pale bila kupita njia hiyo. Basi boti ilipokamilika, ikiwa imesimama juu ya mkuku wake na kuegemezwa magogo huku na huku, hakuna aliyejiuliza swali. Waliijaza maji. Lita elfu nane, kwa bowza mbili.

Siku ya pili, saa saba mchana, mafundi wakiwa wamekwenda kula, Evelina alikuwa amekaa kivulini chini ya boti akimenya yai. Akausikia. Tak! Mlio mmoja mkavu, mfupi, kutoka juu ya mkuku, upande wa kulia. Yai lilimponyoka. Alitazama juu, akaona gamba jeupe limetulia kama kawaida. Halikutoka hata tone.

Aliuelewa ule mlio. Tangi hukaa chini kwa kitako chake chote, maji yakalisukuma kwenda nje, nalo likatulia. Boti haikukaa kwa kitako. Ilisimama kwa mguu mmoja, na wao walikuwa wameitwika tani nane ambazo haikuchorewa kubeba. Boti hukandamizwa na maji ya nje. Wao walikuwa wamemimina maji ndani, na taruma moja, kama si mawili, lilikuwa limebanduka kwenye gamba.

Sila, fundi mwenzake, alitokea nyuma ya stoo akijifuta midomo.

"Dada Eva, umeshakula?"

"Nimekula."

Sila aliitazama boti kidogo, akatazama ardhi, akaenda zake. Mlango wa ofisi ya Mzee ulikuwa wazi, na Mzee mwenyewe alionekana ameinamia karatasi. Evelina aliliokota yai lake lenye mchanga, akalitupa.

Angesema nini? Kwamba boti ikatwe sakafu, mkuku ushushwe, kazi ya miezi mitano ianze upya wakati watu wa Mwanza wanafika Jumatatu? Kwamba barua irudishwe, mafundi kumi na wawili warudi makwao, na mkosi wote uitwe kwa jina lake? Alijipa siku moja ya kutafuta maneno. Siku ya tatu Mzee alivua viatu, akazunguka, vumbi likawa kavu, akasema, "Imezaliwa," na sauti yake ilitetemeka kidogo. Kina mama waliingia na ndoo wakipiga vigelegele. Katika vigelegele vile Evelina aliyameza maneno yake, akajikaza kisabuni, na kuanzia siku hiyo hakulala vizuri.

Jumamosi boti ilipakiwa kwenye lori, ikapelekwa bwawa la Mtera kujaribiwa. Njia nzima, kila lori liliporuka shimoni, Evelina alifumba macho. Alikuwa ameamua: wakifika tu, atamvuta Mzee pembeni amwambie, liwalo na liwe.

Walipofika, alimkuta Generosa. Huyo alikuwa binti pekee wa Mzee Batholomeo, mwanachuo wa ualimu aliyekuwa likizo, amekuja na baba yake kwa gari dogo, kamera shingoni.

"Shikamoo Mama Emilia!" alimwamkia Evelina, akimwita kwa jina la mwanawe. "Baba kasema nipige picha tukiwa katikati ya maji, za kuwaonyesha watu wa Mwanza."

"Marahaba, mwanangu. Na wewe unapanda?"

"Napanda wapi tena kama si mbele kabisa!"

Moyo wa Evelina ulitua, na tuseme wazi kwamba ulitua kwa furaha. Mzee anampandisha binti yake wa pekee? Basi Mzee anajua kazi yake. Kasoma Norwei huyu, ameshaikagua, ameona ni salama. Ule mlio ulikuwa wa gogo, au wa jua kwenye bati. Akashika kamba, akapanda. Sila alimwona amepanda, naye akapanda.

Trekta la wavuvi liliisukuma boti majini, ikaelea vizuri, imenyooka kama bibi harusi. Watu wa ufukweni walishangilia. Batholomeo alikamata usukani, akatweka tanga kubwa na lile dogo la mbele, na boti ikaondoka bila kelele, bila moshi, bila injini, maana injini ilikuwa ije na wateja. Mbele yao bwawa lilitanuka mpaka milima ya upande wa Iringa, na hapa na pale miti iliyozama zamani ilitokeza matawi makavu. Kwenye ukingo mmoja mamba wawili walijianika. Generosa aliwapiga picha.

Kwa nusu saa Evelina alikaribia kucheka. Kisha jua lilipopanda, upepo wa Mtera uliamka. Ule si upepo wa kubembeleza. Unashuka milimani Juni nzima kama uliotumwa. Boti ililala upande wa kushoto, bakuli zikagongana kabatini, na jiko likabembea kama lilivyochorwa kubembea.

"Mnaona!" alipaza sauti Batholomeo. "Inavyolala ndivyo mkuku unavyoivuta irudi! Haipinduki hii!"

Tak.

Evelina alikuwa mlangoni mwa chumba cha ndani. Aliusikia kwa miguu kabla ya masikio. Alishuka ngazi tatu, akapiga magoti, akainua ubao wa sakafu.

Taruma la kulia lilikuwa limeachana na gamba. Kila wimbi lilipopita, mwanya ulifunguka ukatosha kuingiza kidole, ukafunga, ukafunguka tena, kama mdomo wa samaki aliyetolewa majini. Boliti mbili zilikuwa zinacheza kwenye matundu yake, na kando yake maji yalikuwa yanaingia, maji safi, baridi, bila haraka yoyote. Taruma la pili lilikuwa limeanza kufanya mstari mweupe kwenye ukingo. Kilo mia tisa za chuma zilikuwa zinaning'inia chini yake, zikivuta huku, zikivuta kule, na kila zikivuta zilikuwa zinapasua.

Alijua sasa namna watakavyokufa, na hilo ndilo lililomtia hofu kuliko kifo chenyewe, kule kujua kwa utaratibu. Mkuku utang'oka na kipande cha sakafu. Kufumba na kufumbua boti itapinduka, kwa kuwa hakutakuwa na kitu cha kuivuta irudi, na maji yatapanda kwenye tundu. Yeye atakuwa humu ndani. Generosa atakuwa kule mbele na kamera yake.

Alipanda ngazi. Hapo ndipo lilipomtokea jambo ambalo hakulisahau maisha yake yote. Alisimama mbele ya Mzee Batholomeo, kifo kikiwa chini ya miguu yake, mdomo umefunguka, na bado ulimi ulikuwa mzito. Bado aliona haya! Aliona haya kumwambia bosi wake kwamba kazi imeharibika.

"Mzee," alisema. "Taruma limebanduka. Siku ile tulipoijaza maji, lilipasuka. Nilisikia. Sikusema."

Alingoja Mzee ashtuke. Alingoja aseme, umesikia nini, una wazimu? Batholomeo hakusema hayo. Uso wake ulibadilika kuwa wa majivu, akauliza jambo moja tu:

"Na la pili limebanduka?"

Evelina alimtazama. Hakuelewa. Kisha akaelewa.

"Lilikuwa la kulia," alisema Sila kwa sauti ya chini, kutoka nyuma yake. Alikuwa ameshika kamba ya tanga kwa mikono miwili. "Mlio ulitoka kulia. Nilikuwa stoo."

Basi walikuwa watatu. Mzee aliusikia akiwa ofisini, akamwona fundi wake mkuu amekaa chini ya boti bila kusema kitu, akajiambia: aliyeyalaza mataruma angejua. Sila alimwona dada Eva ametulia, akajiambia vilevile. Evelina alimwona binti amepandishwa. Kila mmoja alijificha nyuma ya ukimya wa mwenzake, na wote wakaingia botini.

"Kuna nini huko?" aliita Generosa kutoka mbele.

"Rudi huku, mwanangu," alisema Batholomeo. "Taratibu. Shika kamba hiyo. Usiruke."

"Baba, kuna nini?"

"Rudi kwanza!"

Alirudi kwa kutambaa. Upepo uliisukuma boti tena, na kutoka chini mlio ukatoka, safari hii mrefu, wa kuraruka, kama kitambaa kipya kinapochanwa dukani. Sila alipiga ishara ya msalaba.

"Tanga kubwa lishushwe," alisema Batholomeo. "Tuugeuzie upepo mgongo. Boti ikikimbia na upepo inasimama wima, mkuku hauvutwi ubavuni. Tusiupe upepo ubavu hata kidogo, mnanisikia? Hata kidogo. Twende huko huko unakotupeleka."

Huko upepo ulikokuwa unawapeleka ndiko walikokuwa mamba, lakini hakuna aliyelitaja hilo. Tanga kubwa lilishuka kwa makelele. Boti iliinuka, ikayumba, ikasimama. Evelina alishuka ndani na Sila, wakaanza kuchota. Yeye alichota kwa sufuria ya jiko jipya ambalo halikuwa limepikia hata chai, Sila kwa ndoo, akimpa Generosa mlangoni, naye akimwaga nje. Maji yaliwafika kwenye vifundo, yakapanda. Magodoro ya vitanda yalianza kuelea. Kila mara Evelina alipoinama, uso wake ulikuwa karibu na ule mwanya, aliuona ukitafuna, na aliomba kwa Kigogo, lugha ya mama yake, kwani Kiswahili kilikuwa kimemtoka chote.

"Bado mita ngapi?" aliuliza Sila.

"Mia tatu," alijibu Mzee.

Baada ya muda mrefu sana aliuliza tena, na jibu likawa mia mbili. Taruma la pili lilibanduka lote wakiwa wanapita miti mikavu. Mkuku ulianza kupiga gamba kwa chini, du, du, du, kama mtu anayegonga mlango akijua wenyewe wamo. Evelina alilia kwa sauti huku anachota. Hakujali tena nani anamsikia.

Kisha boti ilisimama ghafla, wote wakaanguka. Mkuku ulikuwa umegota kwenye tope. Uling'oka palepale, ukabaki chini, na boti iliyokuwa nyeupe kama bibi harusi ikalala ubavu polepole mpaka mlingoti ukagusa maji. Waliruka. Maji yaliwafika kiunoni. Walitembea wameshikana, wakipiga maji kwa mikono na kupiga kelele za kufukuza mamba, mpaka tope likawa nyasi, na nyasi zikawa ardhi. Mamba, walioshtuka kuliko wao, walikuwa wameshaondoka.

Walikaa chini wakihema. Hakuna aliyeumia. Mbali, mtumbwi wa wavuvi ulikuwa unakuja.

Generosa ndiye aliyesema kwanza. Alikuwa ameambiwa yote na Sila pale mlangoni, akimwaga ndoo baada ya ndoo.

"Baba, uliponiambia nije, ulikuwa umeshausikia huo mlio?"

Batholomeo alifuta tope usoni, na tope likazidi kuenea.

"Ndiyo," alisema.

Generosa hakulia wala hakumtukana baba yake. Alisogea tu, akaenda kukaa peke yake hatua kama ishirini, amewapa mgongo. Evelina alitaka kumfuata. Alikumbuka kwamba yeye pia alimwona akipanda, tena alifurahi, akabaki alipokuwa.

Batholomeo aliitazama boti yake iliyolala, kisha akaanza kuzungumza, mwanzoni kama anajisemea.

"Gamba halijavunjika, ni sakafu tu. Ikivutwa leo hii, kesho tunaikausha. Tunalaza matabaka sita juu ya yale, tunapiga rangi. Mkuku unaopolewa. Jumatatu jioni watu wa Mwanza wanaikuta imesimama. Nao wataona nini? Kwao ndiko watakakoiimarisha." Aliinua macho, akamtazama Sila, kisha Evelina, macho ya mtu mwema aliyeishiwa. "Mnasemaje?"

Sila alikuwa anang'oa majani. Evelina alingoja Sila aseme. Akamwangalia, akamkuta Sila naye anamwangalia yeye, anangoja. Upepo ulivuma, na hakuna aliyesema neno, na ule ukimya ukaanza kukaa vizuri, wa kuzoeleka, wa kupumzisha. Hapo hofu ilimrudia Evelina, kubwa kuliko ile ya majini, maana aliwaona wageni wasiojulikana wamelala kwenye vile vitanda vinne, katikati ya ziwa lisilo na ng'ambo ya kuonekana.

"Itaua watu, Mzee," alisema. "Na Jumatatu nitawaambia mimi mwenyewe."

Alilisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, ikafika mpaka alipokaa Generosa, kwa sababu hakutaka mmoja wao aje aseme hakusikia.